Mbwa wa Kuwinda na Sungura Ndani ya Ua Mmoja

Wapwani wanaohamia Embu na Meru kwa ualimu au biashara huniuliza swali hili mara kwa mara, kwa kuwa stashahada yangu ni ya afya ya mifugo na nimefanya kazi huko miaka kadhaa. Nyumba waliyopanga ina mbwa wa mwenye nyumba, tena wa kuwinda, na watoto wameleta sungura. Je, wataishi pamoja? Wataishi, lakini usalama wa sungura uutegemee banda, usiutegemee adabu ya mbwa.

Mbwa ninaowazungumzia si wale wa kizungu. Ni wa kienyeji, wembamba, wenye miguu mirefu, ambao sehemu kame za chini kama Mbeere na Tharaka wamezoeleka kufukuza sungura mwitu na digidigi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inaukataza, lakini marufuku hayo hayakuingia katika damu ya mbwa. Kinachomwamsha ni mwendo. Sungura aliyetulia anaweza kumtazama mchana kutwa asisimamishe sikio. Sungura yule yule akiruka, mbwa keshafika. Utaambiwa, "Huyu mpole, analala na watoto." Upole kwa watu na hamu ya kukimbiza ni vitu viwili mbalimbali.

Na sungura hahitaji kuumwa ndipo afe. Hofu peke yake yaweza kumsimamisha tumbo, aache kula, na siku ya pili umkute amelala ubavu. Akikurupuka na kupiga teke vibaya, huweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kwa hiyo mbwa anayezunguka banda usiku kucha akibweka naye anadhuru, hata kama hajagusa kitu.

Turudi kwenye banda, maana hapo ndipo kazi ilipo. Mabanda mengi huko hujengwa kwa mbao na kuinuliwa kiasi cha mita 1. Kimo hicho ni kizuri kwa usafi, lakini kwa mbwa mrefu ni suala la kusimama kwa miguu ya nyuma tu. Wavu wa kuku ni mwembamba, mbwa mwenye nia huurarua kwa meno. Tafuta wavu wa waya mnene uliochomelewa. Ndani weka kisanduku cha mbao kilichozibwa, sungura apate pa kujificha asionekane. Mlango utiwe komeo la chuma, si kijiti cha kuzungusha na msumari. Kisha zungushia banda uzio wa pili, mbwa asifikishe pua yake kwenye wavu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua wavu, rangi itangoja.

Kuwazoesha kunawezekana kwa kiasi. Mbwa awe ameshiba, amechoka, na amefungwa kamba mkononi mwa mtu mzima. Mweke mbali na banda, na kila akigeuza uso umpe kipande cha chakula. Akikaza macho, mwili ukawa mkavu kama gogo, mwondoe, siku hiyo imekwisha. Anayelelewa tangu mtoto huzoea upesi zaidi. Hata hivyo usiwaache peke yao, hata baada ya mwaka, wala mtoto asimbebe sungura mbele ya mbwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wanaochinja sungura huko humtupia mbwa matumbo mabichi. Ndani yake mna vifuko vya minyoo tegu. Mbwa huipata, huyatoa mayai kwenye kinyesi, na sungura huyala tena kwenye majani. Zika matumbo hayo, mpe mbwa dawa ya minyoo kila miezi 3, na majani au marando yakatwe mahali mbwa hajisaidii. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, anzia miezi 3. Hilo ni la watoto wako kabla ya kuwa la sungura.

Sisi wa madhehebu ya Shafi tuna letu pia: mbwa wa kuwinda au wa ulinzi ana ruhusa, lakini mate yake ni najisi. Vyombo vya sungura viwe mbali naye, na akivilamba vioshwe mara saba, moja kwa udongo.

Ikitokea sungura ametoroka, usipige kelele wala usimkimbilie. Mbwa ataona mbio zimeanza. Mkamate mbwa kwanza. Sungura akishikwa mdomoni, hata ukimtoa bila jeraha la kuonekana, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani meno hutoboa chini ya manyoya na damu isionekane. Na asiyekula kwa saa 12 baada ya mshtuko usimngoje apone mwenyewe.