Mstari Mwekundu Chini ya Ndia Kuu

Ukitoka Ngome ya Yesu ukaingia Mji wa Kale wa Mombasa, njia kubwa inayokupokea inaitwa Ndia Kuu. Kwa mgeni wa bara jina hilo hufanana na kosa la mchora vibao. Si kosa. Kwa Kimvita, lahaja ya mji huu, njia ni ndia, macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchanga ni mtanga, na anayekuita hasemi njoo, asema ndoo.

Wakati mmoja nilikuwa nikiandika habari za mtaa huo, na programu ya kukagua tahajia katika kompyuta yangu ikalipigia jina hilo mstari mwekundu. Nikaiamuru ilipuuze. Aya ya pili ikalibadilisha yenyewe bila kuniuliza, ikaandika Njia Kuu, nami sikuona mpaka mhariri aliponiuliza mtaa huo mpya uko wapi. Nilikasirika kidogo, kisha nikatulia. Mashine haikunionea; ilisema ilichofundishwa. La kuuliza ni nani aliyeifundisha, na imekuwaje mji uliotoa kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili uambiwe leo kwamba haujui kuandika jina la njia yake.

Neno kamusi lenyewe ni la baharini. Firuzabadi, mwanachuoni wa Kiajemi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake cha maneno ya Kiarabu al-Qamus al-Muhit, bahari kuu izungukayo. Kitabu kikavuma hata neno qamus likaacha maji, likawa jina la kila kitabu cha namna hiyo. Kwa watu wa kisiwani, si jina baya.

Aliyeanza kuichota bahari ya Mombasa kwa kalamu ya Kizungu ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society. Alifika mwaka 1844. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa mji, alikuwa amefariki kiasi cha miaka minne nyuma, na mashairi yake yalikuwa bado vinywani mwa watu. Miezi michache baada ya kufika, Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Hakuondoka. Alikuwa amekwisha kuanza kukusanya maneno na kufasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwaka 1846 akajiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Sarufi yake ilitoka mwaka 1850. Kamusi ilichelewa zaidi: ilichapwa London mwaka 1882, kurasa zaidi ya 400, na mwenyewe hakuiona, kwani alifariki Novemba 1881.

Nimeipekua kamusi hiyo mara nyingi, na naipenda kwa fujo yake. Krapf haridhiki kulieleza neno kwa neno moja. Hutoka nje ya njia akaingia katika dawa, vyombo vya baharini, mila na vyakula, na pengine akaacha alama ya kuuliza pale asipokuwa na hakika. Mhariri wa leo angemkatia nusu ya kitabu. Lakini Kiswahili anachokieleza kwanza ni cha Mombasa, na alikuwa akiamini kwamba hicho ndicho kisafi kuliko cha Unguja. Miaka mingi baadaye, mwaka 1925, H. K. Binns wa misheni hiyohiyo aliipanga upya kamusi ya Krapf na kuichapisha tena.

Hata hivyo, sikio lililoisikia Mombasa barabara halikuwa la Krapf. Lilikuwa la Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa mji huu aliyefariki mwaka 1890, na la mwanafunzi wake, Mwingereza William Ernest Taylor. Wawili hao ndio waliokusanya mashairi ya Muyaka na kuyafafanulia maneno yake magumu. Sehemu kubwa ya tulicho nacho cha Muyaka ilipitia mikononi mwao: diwani aliyoitoa Hichens kule Johannesburg mwaka 1940, na kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz cha mwaka 1979, vyote vimesimama juu ya kazi hiyo. Taylor naye alitoa mwaka 1891 kitabu cha methali za Waswahili, akiandika kila sauti kwa alama yake.

Sauti hizo ndizo kiini cha habari hii. Kimvita kina T mbili. Moja hutamkwa ulimi ukigusa meno, nyingine ulimi ukigusa ufizi. Kuteka kwa T ya meno ni kucheka. Kuteka kwa T ya ufizi ni kuteka maji kisimani. Kadhalika P: paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini ana pumzi. Mzee wa mtaa wa Kibokoni hababaiki hata kidogo, na mtoto wake pia, lakini herufi za Kirumi kama tunavyozitumia zinaziandika T zote mbili sawasawa. Sikujua na Taylor walikuwa na alama za kuzitenga. Sisi tumeziacha njiani.

Wakati huo Unguja ilikuwa na mkondo wake. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia lugha mwaka 1870. A. C. Madan akafuata kwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1920 palikuwa na mito miwili ya kamusi, mmoja ukitoka Mombasa, mmoja ukitoka Unguja, na serikali za kikoloni zilitaka kitabu kimoja cha shule kwa nchi zote. Mkutano wa kuamua ulifanyika Juni 1928. Ukakichagua Kiunguja. Na ulifanyika wapi? Mombasa.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa wa dhuluma tupu. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa misafara na kwa shule za Tanganyika, na lugha ya nchi nyingi lazima isimame mahali. Ila matokeo yake yalikwenda mbali kuliko waamuzi walivyofikiri. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930. Frederick Johnson akatoa Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, kisha ikatoka ile kamusi ya Sanifu ya mwaka 1939 iliyojengwa juu ya msingi wa Madan. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, nayo ikachapwa upya mwaka 2004 na 2013. Baraza la Kiswahili la Taifa likaleta Kamusi Kuu mwaka 2015. Ni ukoo mmoja, mtoto baada ya mzazi. Krapf na Sikujua wamo humo kama wajomba wa mbali wanaotajwa siku za harusi.

Mji haukunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliwaandikia watu wa Mombasa kwa Kiswahili chao wenyewe. Makala yake yalikusanywa katika kitabu mwaka 1944. Kitabu kinaitwa Uwongozi, kwa W, kama mji unavyotamka. Jaribu kuliandika jina hilo katika simu yako uone.

Sasa tuje kwenye visawe, maana hapa Mombasa ina la kujivunia. Waingereza wana kitabu cha Roget cha mwaka 1852, kilichoyapanga maneno kwa maana badala ya alfabeti, na jina alilokipa kwa asili ya Kiyunani ni hazina. Sisi kitabu cha visawe tulikipata mwaka 1998, Kamusi ya Visawe ya Mohammed A. Mohammed na Said A. Mohammed, iliyotolewa Nairobi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ikifanywa zamani na washairi. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, anabanwa na vitu viwili: hesabu ya silabi na kina. Akitaka kutaja viungo vya kuonea, macho humpa silabi mbili na kina cha -cho. Mato humpa mbili na kina cha -to. Maninga, neno la kale la watunzi, humpa tatu na kina cha -nga. Mwenye yote matatu hakwami. Ndiyo maana malenga wa Mvita hukusanya maneno ya lahaja zote kama mvuvi anavyokusanya nyavu, na hana haja ya kuuliza lipi ni sanifu.

Aliyeigeuza tabia hiyo kuwa taaluma ni Ahmed Sheikh Nabhany, mtu wa asili ya Lamu aliyefanya kazi zake Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017. Alikuwa akiyatafuta maneno kwa wenyewe, kwa mabaharia na mafundi, na utenzi wake Sambo ya Kiwandeo kuhusu jahazi la Lamu ni kamusi iliyovaa nguo za ushairi. Palipokosekana neno alichimba la zamani. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa neno runinga, yaani televisheni, ambalo limo ndani yake lile neno maninga. Leo Mkenya anayesema runinga hajui kwamba ametumia neno la watunzi wa kale. Tarakilishi na ngamizi hazikuwa na bahati hiyo. Shuleni zimeandikwa, mitaani watu wasema kompyuta.

Na kompyuta ilipoanza kusoma Kiswahili, ilianzia mbali na Mombasa. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Ufini, alianza kutengeneza programu ya kuchambua maumbo ya maneno yetu. Kazi ilikuwa ngumu, kwani Kiswahili hakikaguliwi kwa orodha. Hawakutuandikia ni neno moja kwa mwandishi, lakini kamusi ya karatasi inalo andika peke yake; mashine sharti ijue kung'oa kiambishi kimoja kimoja mpaka ifike kwenye mzizi, la sivyo itaona kosa kila mahali. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikaanzisha kamusi ya Kiswahili katika intaneti, iliyojengwa kwa msaada wa watu wa kujitolea. Mwaka 2004 Dar es Salaam ikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kampuni kubwa zikafuata, na sasa kikagua tahajia kimo mfukoni mwa kila mtu.

Msaada wake siukani. Umeniokoa na aibu za haraka, na orodha ya visawe imenizindua saa za usiku akili ikiwa imelala. Lakini orodha haina adabu. Iulize kufa, ikupe kufariki, kuaga dunia, kukata roho na kutangulia mbele ya haki, yote kwa mstari mmoja. Haikwambii kwamba la mwisho ndilo linalotangazwa msikitini, na kwamba ukimwandikia mfiwa kuwa baba yake amekata roho, hutasalimiwa tena mtaani Kuze.

Wala huo mstari mwekundu si adui mkubwa. Mstari angalau husema. Andika kwa Kimvita kwamba mtoto aliteka sana aliposikia kisa, na mashine itanyamaza, kwani kuteka inakujua: kuteka maji, kuteka mji. Itadhani mtoto alikwenda kisimani. Neno halikukataliwa, limeibwa maana, na mwandishi hana habari. Mashine hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi tuliyoilisha yana T moja.

Wahandisi wanaotengeneza vyombo hivi wanaweza kulitengeneza jambo hili. Mwandishi wa Kiingereza huchagua kama anataka tahajia ya Uingereza au ya Marekani. Kumpa mwandishi wa Mombasa chaguo la Kimvita kunahitaji maandishi ya kutosha, na maandishi yapo. Yapo katika karatasi za Taylor zilizohifadhiwa London, yapo katika magazeti ya Sheikh Al-Amin, yapo katika masanduku ya Mji wa Kale. Mwenye daftari la mashairi la nyanyake asiwaachie mchwa. Alipeleke kwa watafiti wa Makumbusho ya Taifa, na akilisoma kwa sauti wakamrekodi, T zitajitenga zenyewe.

Nawe msomaji, ukiandika Ndia Kuu ule mstari ukatokea, usilisahihishe. Bonyeza pale panaposema ongeza kwenye kamusi. Mimi nimekwisha kuliongeza, na Uwongozi pia.