Konami: Kutoka santuri za Osaka hadi mabanda ya gemu Mpanda

Muulize kijana wa Mpanda, mkoani Katavi, aliyekuwa akikimbilia mabanda ya gemu miaka ya 2000 akutajie mshambuliaji hatari kuliko wote. Usishangae akiwaruka wachezaji wa Simba na Yanga na kukutajia Adriano, Mbrazili wa Inter Milan. Katika gemu ya soka ya PES 6 iliyotoka mwaka 2006, nguvu ya shuti la Adriano ilikuwa 99, na juu ya hapo hakuna namba. Ukimwachia nafasi ageukie mguu wa kushoto, hata akiwa mbali na boksi, kipa wako alikuwa hana lake.

Waliompa Adriano mguu huo ni Konami, kampuni ya Japani iliyoanza bila gemu hata moja. Kagemasa Kozuki aliianzisha Machi 1969 katika eneo la Osaka, kazi yake ikiwa kukodisha na kukarabati mashine za santuri: zile zinazowekwa kwenye baa na migahawa, mteja anatumbukiza sarafu, anachagua wimbo. Mwaka 1973 ilisajiliwa kuwa kampuni kamili na kugeukia mashine za burudani. Mwishoni mwa muongo huo ilikuwa tayari inatengeneza gemu za video za kuchezea kwa sarafu. Mwaka 1981 ikatoa Scramble na Frogger, ile ya chura anayevuka barabara yenye magari, na jina lake likavuka bahari. Bidhaa ilikuwa imebadilika, lakini kanuni ya biashara ilikuwa ileile ya mashine za santuri: unalipa, unapata zamu yako, zamu ikiisha unampisha mwingine.

Mpanda ya miaka hiyo ilikuwa na historia nyingine kabisa. Mji ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi, na mgodi wenyewe ukafungwa miaka kumi tu baadaye. Reli ikabaki kuwa njia ya watu na mizigo kwenda Tabora na kwingineko. Kuhusu vioo vya televisheni, Tanzania Bara nzima ilikuwa gizani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Zuio hilo lilikuja kulegezwa, ila Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970.

Ndiyo maana zama za mwanzo za gemu za nyumbani zilitupita. Nintendo ilipotoa mashine yake ya Famicom mwaka 1983, Konami ilikuwa miongoni mwa waliotajirika kwa kuitengenezea gemu: Gradius, Castlevania, na Contra ya wanajeshi wawili wanaokimbia huku wakimimina risasi. Afrika Mashariki ilikuja kuzifahamu kwa kuchelewa, nyingi zikiwa ndani ya mashine za bei nafuu zilizonakili Famicom na kutumia kaseti.

Kilichobadilisha mambo ni ndoa ya vitu viwili: gemu ya soka ya Konami na mashine ya PlayStation. Mwaka 1995 Konami ilitoa gemu ya soka la Japani, J.League Winning Eleven, kwa ajili ya PlayStation, mashine ya Sony. Jina lililoacha alama kwenye mfululizo huo ni la Shingo Takatsuka, aliyefahamika zaidi kama Seabass, ambaye timu yake ilihangaikia uzito wa mpira, mwendo wa mchezaji na muda wa pasi kuliko mapambo ya uwanja. Mwaka 2001 mfululizo huo ukaanza kuuzwa Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer, yaani PES. Wakati huo PlayStation 2 ilikuwa na mwaka mmoja sokoni, ikielekea kuuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani kote, idadi ambayo hakuna mashine ya gemu iliyokuwa imeifikia.

PS2 ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya miji yetu. Ilichomekwa kwenye TV ya chogo kwa nyaya tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Fundi wa mtaani aliweza kuifungua, kuichipu ili isome diski za kunakili, na baadaye kuifanya isome gemu kutoka kwenye flashi. Ilistahimili vumbi na joto. Umeme ulikuwa mtihani mwingine. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na umeme ukikatika dakika ya 80 anayeongoza hudai ushindi, anayefungwa hudai mechi irudiwe.

Mashine hiyo ilibuniwa ikae sebuleni kwa mtu. Huku kwetu ikawekwa kwenye chumba cha kupanga chenye benchi, ikapewa pedi mbili, na kila mechi ikawa na bei yake: mia mbili, mia tatu, hata jero. Aliyefungwa anaachia pedi. Mwenye banda, pengine bila kumjua Kozuki, alikuwa ameirudisha mashine kwenye biashara ya mwaka 1969, ya kulipia zamu. Tofauti ni kwamba safari hii Konami haikuambulia senti, kwa sababu diski zilikuwa za kunakili. Hela ilizunguka mtaani: kodi ya chumba, umeme, fundi wa pedi, na kilichobaki ni cha mwenye banda.

Wachezaji nao walijifunza ramani ya ajabu ya soka. Konami ilikosa haki za klabu nyingi za Uingereza, hivyo katika PES 6 Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC. Watoto waliokariri majina hayo hawakuhitaji kuambiwa ni timu gani. Baadaye mafundi wa gemu walijibu kwa njia yao, wakabadilisha majina na jezi, na katika matoleo ya kuchezea kwenye simu wakaziingiza Simba na Yanga.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mpanda, na Januari 2013 ikatangazwa kwamba PS2 haitengenezwi tena. Konami pia iliyumba. Mwaka 2015 iliachana na Hideo Kojima, mbunifu wa Metal Gear, na mwaka 2018 ikapoteza haki za Ligi ya Mabingwa Ulaya baada ya miaka kumi. Septemba 2021 ililizika jina la PES na kutoa eFootball, gemu ya bure. Ilitoka ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba kampuni ililazimika kuomba radhi, lakini ilikuwa imeshika njia mpya: mlango hauna kiingilio, anayetaka nyota wakali ndiye anayelipa akiwa ndani.

Kwa Mpanda, mabadiliko hayo yamegusa mfuko. Kijana anayecheza eFootball kwenye simu hamlipi mwenye banda. Analipia bando, na hela hiyo inatoka mkoani siku hiyohiyo. Bado mabanda hayajafa, kwa sababu yalikuwa yakiuza zaidi ya gemu. Mpinzani wa kwenye simu anaweza kuzima data akifungwa mawili, wala humjui. Wa kwenye benchi anatoa jero yake, anaachia pedi mbele ya watu wanaomcheka, na kesho anarudi kudai heshima. Hilo ndilo mwenye banda anaweza kuendelea kulitoza hela, gemu yenyewe iwe ya bure au ya kulipia.