Mama Alipoachiliwa Huru, Mtoto Alisahauliwa

Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji. Aliamini kwamba walizaliwa na hali hiyo, lakini papo hapo akadokeza ubaridi wa wazazi wao, na dokezo hilo ndilo lililoota mizizi. Mama akashtakiwa kuwa amemgandisha mwanawe kama jokofu. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya bweni ya watoto wenye matatizo ya kihisia huko Chicago, aliipa tuhuma hiyo hadhi ya elimu katika kitabu chake cha mwaka 1967. Tiba ikawa kumtenga mtoto na wazazi wake. (Tusiwacheke Wamarekani, sisi nasi ni mafundi wa kumtwisha mama lawama.)

Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kupingwa na mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika mwaka 1964 kwamba chanzo kimo katika ubongo, na dibaji ya kitabu chake iliandikwa na Kanner. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna.

Mama akaachiliwa huru. Mtoto je? Sehemu hii ya historia haisimuliwi sana. Usonji ulipokubaliwa kuwa hali ya ubongo, kila dalili ya mtoto ilitundikwa juu yake. Akikosa usingizi, ni usonji. Akitetemeka mlangoni mwa darasa, ni usonji. Kijana akizama katika sonona, ni usonji uleule. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani ulizuia hadi mwaka 2013 mtoto mwenye usonji kutambuliwa pia kuwa na tatizo la kukosa umakini na kutotulia. Ofisa anayepanga huduma kwa fomu yenye nafasi ya ugonjwa mmoja tu anaurithi mwongozo huo bila kujua.

Mwaka 2008 Emily Simonoff na wenzake, wa Uingereza, walichunguza watoto 112 wenye usonji wa miaka 10 hadi 14. Asilimia 70 walikuwa na angalau tatizo moja la akili zaidi ya usonji, hofu ya kukaa na watu ikiongoza.

Hofu ya watoto wenye usonji inatibika. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliohusisha watoto 167, tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa kwa ajili yao iliipunguza kuliko ile ya kawaida. Mtaalamu alianzia kwenye mambo anayoyapenda mtoto, na mzazi alishirikishwa katika tiba.