Itungi na Bandari za Kyela Zilizofukiwa na Tope

Anayekwenda Itungi akitarajia magofu ya mawe kama ya Kilwa au Bagamoyo hatayakuta. Barabara ya kutoka Kyela mjini inapita kwenye mashamba ya mpunga na mikokoa, kisha nchi kavu inakwisha. Hapo pana bandari, na mbele yake Ziwa Nyasa linalokwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 550. Historia ya mahali hapa inabidi uitafute ndani ya maji na tope.

Tazama kwanza ramani. Mashariki, Milima ya Livingstone imesimama wima juu ya ziwa. Kaskazini ni nyanda za juu za Rungwe, ambako mvua haina msimu wa kupumzika. Kati ya milima hiyo na mpaka wa Malawi, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kwa kasi na kumwaga udongo wake kwenye pwani fupi mno. Udongo huo ndio uliotengeneza bonde la Kyela na kuupa mchele wake jina Tanzania nzima. Tope linalolisha mpunga ndilo hilo hilo linaloziba bandari, na ukilielewa hilo umeelewa kwa nini upande huu wa ziwa umekuwa na bandari nyingi na hakuna hata moja iliyodumu.

Meli ya kwanza ya mvuke kufika kichwa cha ziwa ilikuwa Ilala, mwaka 1875, ikiongozwa na Edward Young. Miaka 15 baadaye, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, na Wajerumani nao wakataka meli yao. Hermann von Wissmann, aliyekwishawapiga Waarabu na Waswahili wa pwani katika vita vya Abushiri, ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Meli iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa Mto Zambezi na Mto Shire. Penye maporomoko ya Shire, ambapo hakuna chombo kinachopita, vipande vilibebwa nchi kavu na wapagazi. Iliposhushwa majini mwaka 1893 ilipewa jina la Wissmann mwenyewe. Majina ya wapagazi hao hatuyakuti kwenye chombo wala kwenye kituo chochote, ingawa bila mabega yao pasingekuwa na meli.

Mwaka huo huo Wajerumani walijenga kituo cha Langenburg kwenye ufukwe mwembamba chini ya Milima ya Livingstone. Hakikukaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya utawala yalihamia juu kwenye baridi, Langenburg Mpya, ambayo leo ni Tukuyu. Bandari ya kuihudumia Tukuyu ikawa Mwaya, huku chini kwenye bonde.

Agosti 1914 vita vilifika ziwani kabla havijafika sehemu nyingi za dunia. Nahodha Mwingereza Rhoades alikwenda na meli yake, Gwendolen, hadi Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, akaikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake na hakuwa na habari kuwa vita vimeanza. Vitabu vingi vya Ulaya hukipenda kisa hiki kwa kuwa kinachekesha. Kwetu hakichekeshi. Vita hivyo viliwachukua vijana wa pande zote mbili za Songwe kuwa askari na wapagazi, na mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu.

Mwaya nayo ikapitwa, na Itungi ikashika nafasi. Kutoka hapa meli ziitwazo Songea na Iringa zilishuka kusini zikitia nanga Lupingu, Manda, Lundu, Liuli hadi Mbamba Bay. Vituo vingi kati ya hivyo havikuwa na gati: meli ilisimama kwenye maji ya kina, mitumbwi ikaizunguka, abiria wakashuka na watoto, magunia na kuku. Kwa vijiji vya chini ya Livingstone, ambako mlima unaingia ziwani bila kuacha nafasi ya barabara, meli ilikuwa ndiyo njia ya kwenda hospitali, shuleni na sokoni.

Usafiri wa zamani zaidi ya huo ungali upo. Nenda soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na vyungu hivyo huendelea hadi Tukuyu na Mbeya. Biashara hii haikuwahi kungoja gati la serikali yoyote.

Itungi nayo ilifikiwa na tope. Kina kilipungua, na shughuli za meli zikahamia bandari ya Kiwira, si mbali na hapo. Meli mpya za mizigo, Njombe na Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zilikamilika mwaka 2017, na Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 ikaanza kazi mwaka 2021. Meli nzuri zinahitaji maji ya kina, na uchimbaji wa tope unaofanywa mara moja na kusahaulika hautoshi, maana mito haisahau.

Nina ombi kwa Halmashauri ya Kyela na Mamlaka ya Bandari. Ng'ambo ya Songwe, Karonga wana makumbusho yao. Sisi Mwaya na Itungi tunastahili angalau kibao cha maelezo. Zaidi ya kibao, wazee waliofanya kazi ya ukuli na ubaharia kwenye Songea na Iringa wangali hai katika vijiji vya Kyela. Wahojiwe mwaka huu, na sauti zao zihifadhiwe.