Kuzimia, Fazaa na Koma

Mtu wa pwani afikaye Gataka, katika nchi ya Kajiado, akakuta mwenziwe ameanguka kando ya njia kwa jua au kwa njaa, atawasikia waliomzunguka wakisema kwamba amezima, wala hawakusudii kuwa amekufa, kwani mmoja anampepea kwa leso na mwingine keshakimbilia maji. Usemi huo wa bara ni mkato wa kuzimia, neno la kale lililotwaliwa kwenye taa: roho huzimika kama utambi uliopungukiwa na mafuta, lakini taa yenyewe haikuvunjika, na utambi waweza kuwashwa tena. Ajabu ni kuwa aliyezima na aliye mzima hutengwa na silabi moja tu.

Kiswahili kilifika mbuga hizi kwa misafara iliyopita Ngong, kisha kwa serikali iliyowafungia Wamaasai hifadhi ya kusini kwa mapatano ya 1904 na 1911. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyewasili Mombasa 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alikwisha kutoa orodha ya maneno ya Kimaasai huko Tübingen mwaka 1854. Mwenzake Jakob Erhardt akamfuata kwa yake 1857.

Wazee wa pwani hawakutosheka na neno moja kwa hali hizi za kushtuka na kupoteza fahamu. Fazaa ni hofu ya ghafula. Taharuki, ambayo asili yake katika Kiarabu ni mwendo na kutikisika, ni ya mtu asiyeweza kutulia. Bali aliyepigwa na butwaa au bumbuwazi husimama kama nguzo, macho wazi, ulimi mzito. Kuzirai huja baadaye, fahamu zikishaondoka. Waingereza waliyakusanya mengi ya hayo, pamoja na pigo la umeme, katika neno moja, shock, ambalo Wanorwe nao wamelipokea na kuliandika sjokk. Nasi tulipotafsiri vitabu vya tiba tukautwisha mshtuko mzigo wote. Kwa rai yangu hatukufanya vema. Tabibu akisema mgonjwa ana mshtuko, maana yake ni kuwa damu haifikii viungo kwa kiasi cha kutosha na mauti yako karibu, lakini jamaa zake hufahamu kuwa ameshtuka tu, wakamtafutia maji ya sukari. Umeme, alhamdulillahi, umepona: hapa Gataka mtu hupigwa na stima au na shoti, na kila asikiaye ameelewa.

Waliobuni nusukaputi walikuwa mafundi zaidi. Nusu ni Kiarabu, kaputi yasemwa ni ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, na kwa pamoja humweleza mgonjwa wa kisu kama aliyeharibika nusu, jambo ambalo hapana daktari angelithubutu kulitamka mbele yake.

Sasa limeingia koma, neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi mzito, lililopitia Kiingereza. Lakini koma kwa Wamijikenda ni wahenga waliokwisha kufa, ambao humwagiwa tembo ili wasikasirike. Basi mzee wa Kigiriama aliyehamia Kitengela, akipashwa habari kwamba jirani yake yuko koma hospitalini Nairobi, huvua kofia na kuuliza maziko ni lini.