Tarehe ya Bastola ya Bibi huko Marekani

Mji wa Springfield, katika jimbo la Massachusetts, ulikuwa tangu mwaka 1794 makao ya karakana ya silaha ya serikali ya Marekani, na kwa sababu hiyo ulijaa mafundi ambao kuchonga kasiba na kusawazisha mitambo ya bunduki kwao ilikuwa kazi ya kurithishana, baba kwa mwana. Katika mji huo Horace Smith na Daniel Wesson walifungua kiwanda chao mwaka 1856, na kiwanda hicho ndicho kilichotoa, mwaka 1902, bastola ndogo ya silinda ipakiwayo risasi 7 za kipenyo cha .22, ambayo uzito wake haukutimia wakia 10, na ambayo jina lake la biashara, LadySmith, lilimjulisha kila mnunuzi kwamba imekusudiwa mabibi. Ilikuwa kazi safi, vipande vyake vidogo vimekaa mahali pake kama vya saa ya mfukoni, na watu waipendao sanaa ya chuma wanaitafuta hata leo kwa bei kubwa.

Juu ya bastola hiyo ilizushwa simulizi ambayo imepita kinywa kwa kinywa hata ikapata kuandikwa, nayo ni kwamba mzee Wesson, aliyekuwa mtu wa dini na staha, alipopata habari kuwa silaha yake inapendwa mno na makahaba, aliingiwa na haya akaamuru isiundwe tena. Simulizi hii haiwezi kusimama mbele ya tarehe. Daniel Wesson alifariki mwaka 1906, na bastola ile iliendelea kutengenezwa, katika sura tatu zilizofuatana, mpaka mwaka 1921, miaka 15 baada ya mwenyewe kuzikwa. Walakini uongo haudumu muda mrefu hivyo ila una watu unaowafaa, na mimi naona uongo huu ulidumu kwa kuwa wanaume waliousimulia hawakuwa tayari kumfikiria mwanamke mwenye silaha kwa namna nyingine: ama ni kiumbe dhaifu apewaye kitu kidogo cha kumtuliza moyo, ama ni mwanamke asiye na heshima. Mtu mwenye akili zake timamu, aliyetaka kujilinda na aliyestahili kufundishwa, hakupata nafasi katika simulizi hiyo, na kwa muda mrefu hakuipata dukani vilevile.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko Springfield. Huko Ulaya, katika zama za bastola za gumegume, mafundi walikuwa wakiunda silaha fupi sana za kutiwa mfukoni, na nyingine zilikusudiwa kufichwa ndani ya ule mfuko wa manyoya ambamo mabibi wa nchi za baridi walipashia mikono yao moto. Marekani ilipata yake kwa Henry Deringer wa Philadelphia, fundi aliyeunda bastola ya risasi moja iliyoweza kufichika katika kiganja, na ambayo ilipata sifa mbaya usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, pale John Wilkes Booth alipoitumia kumwua Rais Lincoln. Mwaka uliofuata kampuni ya Remington ilileta bastola yake ya kasiba mbili, moja juu ya nyingine, ikaendelea kuiuza mpaka mwaka 1935. Silaha zote hizi zilipimwa kwa kipimo kimoja, yaani mahali pa kuzificha. Fundi alijiuliza kama kitu chake kitaingia mkobani, na kama mkono wa mwenye mkoba utaweza kukishika barabara, kukilenga na kukifyatua bila ya kutetemeka, hilo liliachwa kwa majaliwa.

Hata hivyo insafu yatupasa kukumbuka fikira moja njema ya wakati huo. Mwaka 1887 kiwanda cha Smith na Wesson kilitoa bastola ambayo mtambo wake wa kupigia fataki ulifichwa kabisa ndani ya mwili wake, hata hapakuwa na ncha yoyote ya kunasa katika nguo, na nyuma ya mpini paliwekwa kipande kirefu cha chuma ambacho sharti kibanwe na kiganja wakati ule ule kidole kinapovuta kifyatulio, la sivyo bastola hailii. Husimuliwa kwamba Wesson aliipata fikira hiyo baada ya kusikia habari za mtoto aliyejidhuru kwa bastola ya nyumbani; sitaki kuiapia simulizi hiyo baada ya kuipinga nyingine, lakini mtambo wenyewe ni ushahidi wa kutosha. Aliyeishika huona mara moja ulivyofikiriwa: mkono wa mtu mzima, ukikaza mpini kama inavyopasa, hukibana kile kipande bila ya kukusudia, ilhali mkono wa mtoto mdogo, ambaye huzungusha vidole vyake vyote pamoja juu ya kifyatulio ili apate nguvu, hauachi kidole cha kubana nyuma. Kwa mara hiyo fundi alianzia mkononi, asianzie mkobani.

Wachuuzi hawakujifunza somo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya Marekani yalijaa matangazo ya bastola yaliyochora nyumba, usiku, mke na mwizi. Kampuni ya Savage, ambayo bastola yake ya mwaka 1907 ilibeba risasi 10, iliwaaminisha wasomaji kwamba mtu asiyewahi kushika silaha anaweza kuilenga sawasawa kama anavyonyosha kidole. Kampuni ya Iver Johnson ilithubutu kuchapisha, mwaka 1904, picha ya mtoto wa kike ameketi kitandani na bastola mikononi, ili kuonyesha kwamba silaha yake haina khatari ya kulia kwa bahati mbaya. Sijui kama pana tangazo la biashara lililopotosha watu zaidi ya hilo, kwani liliwafundisha wazazi kuitegemea hadhari ya chuma badala ya hadhari yao wenyewe.

Na wakati matangazo hayo yakiahidi kwamba ujuzi hauna haja, walikuwako wanawake wawili wakionyesha mbele ya halaiki kinyume chake. Annie Oakley, aliyezaliwa mwaka 1860 katika wilaya ya Darke, Ohio, na aliyejifunza kulenga shabaha utotoni kwa kuwinda ili kuilisha familia yake, alikuwa na itikadi kwamba kila mwanamke apate mafunzo hayo. Mwaka 1898 alimwandikia Rais McKinley akajitolea kuongoza kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, wenye silaha na risasi zao wenyewe, na hakukubaliwa. Uzeeni alifundisha mabibi huko Pinehurst, North Carolina, na husemwa kwamba idadi ya waliopita mikononi mwake maisha yake yote ilifikia wanawake 15,000. Wa pili, Elizabeth Toepperwein, hasemwi sana, naye kwangu ni hoja yenye nguvu zaidi. Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha risasi cha Winchester huko New Haven, na hakujua kutumia bunduki mpaka alipoolewa mwaka 1903 na mlenga shabaha wa Texas, Adolph Toepperwein, ambaye alimfundisha taratibu. Mwaka 1904 tu, katika maonyesho makubwa ya St. Louis, alivunja shabaha 967 za udongo kati ya 1,000 zilizorushwa hewani. Silaha yake siku hiyo haikuwa bastola, lakini maana ni ile ile: aliyekuwa hajui kitu alipata mwalimu, akapata silaha inayomkaa, akapata wasaa wa kujizoeza.

Mwaka 1950 Smith na Wesson walitoa bastola ya silinda ya risasi 5 za .38, fupi lakini yenye nguvu, na wakuu wa polisi waliokuwa wamekutana Colorado Springs waliipa jina la Chiefs Special. Ilikusudiwa askari waliovaa nguo za kiraia, nayo iliwafaa sana. Lakini baada ya miaka michache ndiyo iliyokuwa ikitolewa kabatini kila mwanamke alipoingia dukani kutafuta bastola yake ya kwanza, na aghalabu alitolewa ile iliyoundwa kwa madini mepesi, ambayo uzito wake ni takriban wakia 15. Hoja ya muuzaji ilikuwa kwamba kitu kidogo na chepesi humstahili mtu mwenye mkono mdogo.

Hoja hiyo ni batili, na yapasa kuelezwa kwa nini, maana imewaponza wengi. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Na kwa risasi ile ile, jinsi bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo teke lake linavyokuwa kali, kwa hiyo mwanafunzi aliyepewa nyepesi kuliko zote amepewa ile imwumizayo kuliko zote. Kasiba fupi huzidisha mwako na kishindo. Umbali baina ya alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma ukiwa mdogo, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa la risasi. Fauka ya hayo, kifyatulio cha bastola ya namna hiyo huhitaji mvuto wa ratili 10 au zaidi, ilhali bastola yenyewe haitimii ratili moja: kidole kimoja chaambiwa kivute mara kumi ya uzito wa kitu kizima bila ya kukitikisa. Walimu wa shabaha wamejua siku zote kwamba hiyo ni silaha ya stadi. Anayeanza huipiga mara tano, mkono unamwuma, masikio yanamlia, karatasi ya shabaha haina hata tundu, naye hurudi nyumbani akaitia bastola kwenye droo akiamini kwamba udhaifu ni wake.

Baadhi ya watu waliona kwamba kasoro iko katika mafunzo. Mwezi wa Oktoba 1966, baada ya mji wa Orlando, Florida, kutishwa na visa vya wanawake kunajisiwa, polisi wa mji huo pamoja na gazeti la huko walianzisha mafunzo ya bastola kwa wanawake, na maelfu waliyahudhuria. Kupungua kwa visa hivyo mwaka uliofuata kulizua mabishano ya wataalamu ambayo hayajesha, wengine wakiyapa mafunzo sifa yote na wengine wakikanusha. Kwangu lenye uzito ni kwamba, kwa mara moja, wanawake waliojinunulia bastola waliitwa uwanjani wakafundishwa kuzitumia.

Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali cha kuchukua bastola iliyofichwa kila atimizaye masharti, na majimbo mengi yakafuata njia hiyo. Soko la wanawake likafunguka, na mwaka 1989 kiwanda cha Smith na Wesson kikafufua jina la LadySmith. Bastola hiyo mpya ilikuwa na mpini uliopunguzwa unene kwa ajili ya vidole vifupi na kifyatulio kilicholainishwa, na hilo lilikuwa tendo la maana, ingawa mwili wake ulikuwa ule ule mdogo wa risasi 5. Polepole walitokea walimu wanawake, nao ndio waliogeuza mazungumzo. Walimwambia mwanafunzi apime kwanza kama, mpini ukiwa umekaa sawa na mfupa wa mkono, ncha ya kidole inafika penye kifyatulio bila ya kuupinda mkono, apige risasi kwa bastola mbalimbali za kuazimwa kabla ya kutoa fedha, aanze na .22, ambayo haina teke la kumtisha. Kisha achague bastola ya wastani yenye uzito wa kutosha.

Wamesahihisha pia dhana kwamba wanawake hawana nguvu ya kutumia bastola ya magazini, kwa sababu ya ugumu wa kuvuta nyuma chuma cha juu ili risasi ya kwanza iingie kasibani. Wengi hukibana kwa ncha za kidole gumba na cha shahada wakashindwa. Mwalimu humwonyesha mwanafunzi kukishika chuma kwa kiganja kizima, bastola ikiwa karibu na kifua na mdomo wake ukielekea mahali pa amani, kisha kuusukuma mbele mkono ulioshika mpini, na ghafla jambo lililoonekana muhali huwa jepesi. Mwaka 2018 Smith na Wesson walitoa bastola ya .380 ya risasi 8 iliyoundwa makusudi ili chuma chake kivutike kwa urahisi, na nyuma ya mpini wake wakaweka kipande cha kubanwa na kiganja, fikira ile ile ya mwaka 1887.

Siwezi kuyaacha haya bila ya kutaja upande wa pili, kwa kuwa anayemshauri mtu juu ya silaha akamficha khatari yake amemkhini. Uchunguzi uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanawake wanaomiliki bastola walikufa kwa kujiua kwa kiwango kinachozidi mara 7 kile cha wanawake wasiomiliki. Na uchunguzi wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mume mpigaji akiweza kuipata bunduki, khatari ya mke kuuawa huongezeka takriban mara 5. Kwa hiyo swali la kwanza hutangulia lile la ukubwa wa bastola: nani mwingine anaishi nyumba hiyo, moyo wa mwenyewe u katika hali gani, na sanduku la kufungia silaha litakaa wapi. Majibu yakiwa mabaya, bastola nzuri kuliko zote haimfai.

Yakiwa mema, basi mwanamke huyo na asikubali kuchaguliwa. Nawasihi waume, kaka na wauzaji, ambao kwa muda wa zaidi ya karne moja wamekuwa wakiingia mkononi mwake kabla yake, wasimame nyuma ya kaunta na waache aulize mwenyewe. Na fedha ambazo wangemnunulia zawadi ya mfukoni, wamlipie mwalimu.