Liki na Matuta katika Milima ya Usambara

Liki si mmea wa asili yetu. Wamisri wa kale waliila, nayo ilifika Usambara pamoja na bustani za Wazungu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905, mboga za milimani zilipata njia ya kuteremkia pwani.

Atakaye liki nene hana budi kupandikiza miche iliyo na unene wa kalamu katika vishimo vya inchi 6, asivifukie bali avitie maji tu. Samadi iwe imeoza vema. Kisha kwa miezi minne au mitano auvute udongo shinani kidogo kidogo, akichunga usiingie katikati ya majani.

Kazi hiyo ni kuinua matuta, wala si nyingine! Nasi twakumbuka kuwa mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilianza mpango wake huko Mlalo, ikawaamuru watu kulima matuta miteremkoni. Wasambaa waliyapinga kwa nguvu, hata mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Waliodhani ni uvivu walikosea. Matuta ya amri yalikula siku za kulimia chakula, na faida yake haikuonekana upesi. Tuta la liki mkulima wa Bungu huliinua bila kusimamiwa na askari, kwa kuwa siku ya kung'oa hujionea mwenyewe: sehemu iliyofunikwa na udongo ndiyo nyeupe, nayo ndiyo mnunuzi aitakayo.